Uliza Bustani: Sendofu Tatu, Nyasi Kwisha

Meseji za mwezi huu karibu zote zinatoka kwa watu wenye viwanja vya kukaribisha watu, nadhani ni harusi za Shawali zimewachosha nyie na bustani zenu. Nimeanza na ndefu kuliko zote maana majibu yake yanawagusa na wengine.

Shikamoo Anti. Niko Kigamboni, nyuma ya nyumba nina uwanja kama mita 20 kwa 25. Mwaka jana nilianza kuutumia kwa kicheni pati na sendofu za ndugu, baadaye watu wakaanza kulipia. Nikanunua zile nyasi zinazokuja na udongo wake kama mkeka, zikapendeza kweli. Sendofu ya kwanza zikanyauka kidogo, ya pili vikatokea viraka, ya tatu mvua ikanyesha na watu wakacheza hivyohivyo mpaka saa tisa usiku, sasa hivi pale kati ni vumbi na pagumu kama barabara. Fundi anasema ninunue aina nyingine ya bei zaidi. Alafu maua ya pembeni yamekauka upande mmoja tu, ule wa baharini. Nipande nini kisichokufa? – Mama Uwanja, Kigamboni

Marahaba mwanangu. Kabla hujamlipa huyo fundi ngoja kwanza. Hakuna nyasi inayochezewa kigodoro ikabaki hai, hiyo ya bei zaidi itakufa vilevile ila itakufa na hela nyingi. Angalia hata uwanja wa mpira, wachezaji 22 tu, dakika 90, wana watu kazi yao ni kuhudumia nyasi tu na bado mechi zikibanana pale golini panakuwa kipara. Wewe una watu mia na zaidi, nusu yao wamevaa mchuchumio, na MC anawarudisha palepale kila baada ya wimbo.

Sasa nikuulize, hizo nyasi zilikuja na udongo mwekundu eti? Nina uhakika wa karibu yote kwamba ndiyo. Mchanga wa Kigamboni wenyewe haushindiliki kirahisi hivyo, ukiukanyaga unakimbia tu. Kinachogeuka barabara ni ule mfinyanzi mwekundu waliokuja nao au kifusi alichomwaga fundi kusawazisha. Mfinyanzi ukilowa na watu wakaucheza, hewa yote inatoka, na mizizi inapumua jamani, ikikosa hewa inaoza, maji nayo yanakaa juu hayashuki. Kwahiyo ule usiku wa mvua ndo uliomaliza kazi, sio sendofu zote tatu.

Chukua daftari, ukae barazani kwenye shughuli ijayo uangalie watu wanapita wapi. Mimi nimekaa kwenye shughuli nyingi (na nimekula pilau nyingi, nakiri) na mambo ni yaleyale. Kuna ile njia kutoka getini mpaka jukwaani, ambako bibi harusi anaingia, wazazi wanaingia, ndafu inaingia, alafu zawadi zinapelekwa kwa kucheza mbele hatua mbili nyuma moja, yaani sehemu moja inakanyagwa na watu wote mara nne au tano usiku mmoja. Kuna mbele ya jukwaa penyewe. Kuna kwenye msosi, foleni. Na kuna njia ya chooni. Hizo sehemu nne usipande kitu. Weka pevingi njia yote mpaka mbele ya jukwaa, na pale mbele acha kama mita 8 kwa 8 za kuchezea. Usiweke kokoto kwenye kuchezea, mchuchumio na kokoto havijawahi kupatana, nimeona matroni ameanguka na sahani ya keki. Kokoto weka kwa wapishi.

Hapo umetoa kama robo ya uwanja, na ndo hiyo robo iliyokuwa inakuua. Kwenye kukaa watu, yaani kwenye meza na viti, nyasi inawezekana. Panda ukoka. Najua utasema ukoka si ndo ule wa barabarani unaoliwa na mbuzi, ndo huohuo, na ndo maana nakwambia. Ukoka unatambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi pia, ukiukata huku unatokea kule, kiraka cha leo baada ya wiki chache za mvua hukioni. Sharti lake moja ni jua, chini ya mwembe unakonda. Kama kisima chako kina chumvi, na Kigamboni visima vingi vina chumvi, basi tafuta pasipalamu ile ya majani membamba inayoota mpaka karibu na bahari, hiyo maji chumvi haiyaogopi sana. Majina ya wauza nyasi usiyategemee, nyasi moja ina majina matatu kutoka Kigamboni mpaka Tegeta, muulize tu: hii inatambaa? inavumilia chumvi? nipeleke nikaone ilikopandwa mwaka jana. Akikosa pa kukupeleka ondoka. Na zile za majani mapana wanazoita za Pemba, nzuri sana kivulini, lakini sio za kukanyagwa kila wikiendi, zipeleke kule pembeni kwenye miti.

Kabla ya kupanda, huo udongo mwekundu uliogandamana utifue kwa jembe uchanganye na mchanga wako na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri. Ukishaota usiunyoe kipara, uache kama sentimita nne, watu wa mashine za kukata nyasi wanapenda kunyoa mpaka chini ili wasirudi haraka. Maji mwagilia siku mbili kabla ya shughuli, sio asubuhi ya shughuli, maana udongo mkavu kiasi unabeba watu na uliolowa unabonyea. Turubai lisifike siku tatu kabla, lije siku ileile au jana yake na liondoke kesho, nyasi ikikaa gizani siku tatu na joto la Dar inakuwa njano kama imepakwa. Baada ya shughuli choma matundu kwa uma wa bustani sehemu zilizobonyea, nyunyizia mchanga kidogo, alafu upumzishe wiki mbili, tatu ukiweza. Hapo ndo utaniambia Anti mbona wateja wamepanga foleni. Sasa si uwanja wako, pandisha bei.

Wapishi nao uwaambie mapema, kwa ukali. Maji ya moto ya kuoshea masufuria, mafuta, maji ya chumvi, majivu, vyote vinamwagwa kwenye nyasi na vyote vinaua. Jenereta lisielekezwe kwenye ua, ule moshi wa moto unakausha majani usiku mmoja.

Upande wa baharini sasa. Hayo maua hayakufa kwa kiu, yamekufa kwa upepo wa chumvi. Ile chumvi inakaa kwenye majani inayaunguza, ndo maana upande wa pili ni wazima. Mstari wa kwanza weka vitu vilivyozaliwa pwani. Mvinje unazuia upepo vizuri sana, ila chini yake majani yake yanatandaza zulia na nyasi haioti, kwahiyo uwe mwisho kabisa ukutani. Mkungu una kivuli kipana na unavumilia, kazi ni kufagia yale majani makubwa mekundu yakipukutika. Mbugenvilia haijali chumvi wala ukame, tena ukiimwagilia sana ndo inakunyima maua, ila ina miiba, ikae mita mbili mbali na kiti chochote, sare za vitenge zimechanika sana na mbugenvilia mwanangu na lawama anapewa mwenye uwanja. Chini yake weka vinka, yale maua ya pinki na meupe yanayojiotea mpaka kwenye nyufa za saruji, yanachanua mwaka mzima kwenye mchanga mtupu. Na mshubiri.

Ukishapata ukingo wa upepo, nyuma yake ndo uweke vya kunukia. Asumini na mrehani karibu na kiti cha bibi harusi, jioni pananukia bila kupuliza chochote, na bibi akitaka kufunga kikuba maua anachuma palepale. Mkadi pia unapenda pwani, ila majani yake yana misumeno, usiweke njiani.

Mnazi kwenye kukaa watu hapana. Kama upo tayari, mtafute mkwezi aangue kila mara, usisubiri nazi ijiangushe siku ya sendofu.

Anti kwenye besdei ya mwanangu mtoto wa jirani wa miaka mitatu alitafuna jani la ua la kwenye kopo, majani makubwa ya kijani yenye mabaka meupe, mdomo ukavimba akawa anadondosha mate na kulia. Alipona lakini nimeogopa, ning'oe kila kitu? – Mama Pacha, Tabata

Pole sana, usiku huo najua hakulala mtu. Hiyo ni difenbakia, utomvu wake una vijisindano vidogo sana visivyoonekana vinavyochoma ulimi na koo. Ikitokea tena, mtoe mabaki mdomoni, mpe maji au maziwa ya baridi, usimtapishe, akianza kupumua kwa shida mkimbize hospitali hapohapo, na jani ubebe mkononi waone.

Usiing'oe, ihamishie ndani juu ya kabati. Vya kung'oa kwenye uwanja wa watoto ni viwili kwa maoni yangu. Kimoja mnyaa, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani, utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa, na watoto wanapenda kuuvunja kuona maziwa. Cha pili ni oleanda, ule mti wa majani marefu membamba na maua ya pinki wanayopanda sana barabarani kwasababu haufi. Ni kweli haufi, ila wote una sumu, jani ua na mti, na sumu yake inagusa moyo. Kinachoniogopesha zaidi sio watoto ni wakubwa, mtu mishikaki imekosa vijiti anaangalia pembeni anaona vijiti vizuri vimenyooka, anakata. Usiache hiyo nafasi.

Badala yake weka masale kwenye ukingo. Masale unakata kijiti unachomeka kinaota, hakina makuu. Wachaga wanalijua zaidi, kwao jani la sale ndo la kuombea msamaha, kwahiyo hata mkigombana kwenye pati mna pa kuanzia.

Salaam mwanangu. Mimi ni mzee mstaafu wa hapa Dodoma, watoto na wajukuu hukusanyika kwangu kila Idi, siku hizi tumefika zaidi ya arobaini. Uwanja ni mkavu, jua kali, nyasi nimepanda mara mbili zikafa mwezi wa tisa. Nishauri. – Babu, Dodoma

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, achana na nyasi. Dodoma mvua inakuja kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa nne, miezi mingine yote utakuwa unamwagilia nyasi kwa maji ambayo wajukuu wangeoga. Shughuli ya watu arobaini inahitaji kivuli, ya chini inatosha ardhi iliyoshindiliwa ikafagiliwa na kunyunyiziwa maji kidogo asubuhi kuzuia vumbi, tena mikeka inakaa vizuri zaidi.

Wewe uko kwenye mji wa zabibu mzee, na nashangaa watu wa Dodoma wenyewe hawafanyi hivi. Simamisha nguzo, tandaza waya au mabomba juu kama mita mbili na nusu, panda mizabibu minne mitano iparamie, uwe na dari la majani. Mzabibu unapenda hiyohiyo hali yenu, jua na ukavu, unachotaka ni kumwagiliwa miaka ya mwanzo na kupogolewa. Kupogoa usiogope, kwa hali yetu ya joto mzabibu usipopogolewa unaota majani tu na zabibu zinakuwa chache, ukiupogoa unaamka upya na kama miezi minne baadaye unavuna. Kwahiyo hesabu nyuma kutoka Idi mzee wangu, ukitaka vichala viwe vinaning'inia wajukuu wakifika. Ila zikiwa zimeiva sana nyuki na manyigu nao watakuja kula Idi, zivuneni mapema kidogo.

Pembeni panda mwarobaini, miaka mitatu minne mnakaa chini yake, mizizi inakwenda chini sana kutafuta maji, uweke mbali na shimo la choo na ukuta, mita sita hivi. Na mkwaju mmoja. Mkwaju unakua polepole, sitakudanganya, lakini matawi yake hayavunjiki ovyo na upepo wa Dodoma, na kivuli chake kinapitisha hewa. Najua kuna watu watakwambia mikwaju ina wenyewe usiku. Idi ni mchana.

Mambo Anti, niko Arusha, jumapili wanangu wanakuja home kuangalia mpira na nyama choma, nina nyasi za kikuyu ziko fresh tu ila pale kwenye jiko pamekufa duara kubwa, na mwenye nyumba anakuja mwisho wa mwezi. Chap chap. – Kaka wa Choma

Poa, ingawa na shikamoo haiuzwi. Kikuyu kwa Arusha umepata, inapenda baridi na milima, inakanyagwa na inarudi, hiyo ukiwapelekea watu wa Dar inawasumbua tu. Hilo duara lote limejaa majivu na mafuta, ondoa udongo kwa juu kama upana wa kiganja, weka mpya wenye mbolea, chukua vipande vya kikuyu kutoka ukingoni inakotambaa mpaka kwenye maua (najua inatambaa, ndo tabia yake) uvipande kila baada ya kiganja kimoja, maji asubuhi na jioni. Mwisho wa mwezi itakuwa imeanza kuziba, haitakuwa imefunika, muwekee mwenye nyumba meza juu yake.

Jiko lihamishie kwenye pevingi nne tano, upande ambao upepo unatoa moshi nje. Na panda rozimari pembeni yake, Arusha inaota bila kubembelezwa, haitaki maji mengi, unavunja kitawi unakichovya kwenye mafuta na limao unapakia nyama. Mapaja ya mbuzi yatakushukuru.

Naomba kujua mmea unaozuia mziki usifike kwa jirani. – Sinza

Haupo. Ua wa majani unazuia macho, sauti inapita kama haijaona kitu, labda uwe na msitu wa makumi ya mita na wewe uko Sinza. Ukuta wa tofali usio na matundu unasaidia kidogo, kugeuza spika zikatazama nyumba yako mwenyewe kunasaidia zaidi, na besi punguza, besi ndo inayopita ukutani. Kanuni za kelele zipo, za mwaka 2015, na usiku viwango vinashuka. Jirani mpelekee sahani ya pilau saa moja jioni kabla hajapiga simu popote.

Anti nimepanda mchaichai kuzunguka meza yote kama walivyosema unafukuza mbu lakini wageni wanaumwa vilevile tena mchana kweupe. – Mama J, Mombasa

Mchaichai ukiwa umesimama tu haumfukuzi mtu, harufu iko ndani ya jani, lazima ulipondeponde ndo itoke, na hapo pia inaisha haraka. Chemshia chai. Wanaouma mchana kweupe ni wale mbu wenye madoa meupe miguuni, wa denge, ndo haohao waliotusumbua Dar mwaka 2014 na 2019, na hawatoki mtaroni mbali, wanazaliwa kwenye maji kidogo palepale kwako. Angalia visahani chini ya makopo ya maua, vimwage vyote na uweke mchanga ndani yake. Angalia mimea ile inayokusanya maji katikati ya majani kama kikombe, ile ya jamii ya nanasi, hamishia mbali na watu au imwage maji kila baada ya siku tatu nne. Alafu yale matairi uliyoyapaka rangi ukapandia maua, maana kila mtu siku hizi anayo, toboa chini. Feni moja kubwa ikipuliza chini ya meza inasaidia kuliko mchaichai wote huo, mbu hawawezi kuruka kwenye upepo, na waya wa feni upitishe juu, watu wanacheza.